Udongo wa Uani kwa Bi Mwanahawa

Simu iliita nikiwa uani kwangu, namwagia vumbi maji kabla ya kufagia. Alikuwa mwanamume wa rika langu, sauti ya kistaarabu, Kiswahili cha Upanga kile cha taratibu. Alijitambulisha kwa jina la baba yake. Akaniambia mzee amefariki alfajiri, na kwamba kabla hajakata kauli alimwagiza anitafute popote nilipo aniombe radhi. Halafu akangoja. Nadhani alijiandaa kunisikia nikilia, au nikisema yale yanayosemwa na watu wazima wenye adabu, kwamba yaliyopita yamepita na Mungu amrehemu. Nilimpa pole ya msiba, maana nimelelewa Kariakoo na pole hainyimwi mtu. Kisha nikamwambia radhi sina. Nikakata simu, nikarudi kwenye kopo langu la maji.

Harufu ya vumbi lililolowa ikanipanda puani. Mliokulia mjini miaka yetu mnaijua, ile ya asubuhi kabla jua halijawa kali, mama zetu wakinyunyiza maji uani ili ufagio usitimue vumbi. Kwa wengi wenu nadhani ni harufu ya chai na vitumbua. Kwangu ni harufu ya siku niliyojifunza kuchukia. Wapo wanaosema kinyongo humla mwenye nacho. Changu kimenitunza vizuri tu. Nakula, nalala usingizi, na wanangu wananipenda.

Tulikuwa tunakaa kwa Bi Mwanahawa, mtaa wa ndani kidogo nyuma ya soko la Kariakoo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na uani nyuma. Aliyeijenga ni baba yake. Yeye alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiwa na mume humo. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa ushungi na tambuu, mkali wa maneno, na wapangaji walimwogopa kuliko walivyowaogopa mgambo.

Mimi na mama yangu tulikuwa chumba cha mwisho, kinachopakana na jiko. Mama nilimwita Amma, ndivyo sisi Watamil tunavyoita mama. Kwetu ni kaskazini ya kisiwa cha Sri Lanka, tulikokimbia vita, lakini pale mtaani hakuna aliyekuwa na haja ya maelezo marefu namna hiyo. Watoto waliniita Mhindi. Wahindi wenyewe wa Upanga, wakimwona Amma na weusi wake na lugha yake isiyofanana na yao, walisema yule si wetu. Kwa Waswahili tulikuwa Wahindi, na kwa Wahindi hatukuwa na jina.

Tulivyofika Dar nimesimuliwa zaidi kuliko ninavyokumbuka. Baba alichukuliwa na wanajeshi akiwa njiani kwenda kununua samaki, hakurudi. Kaka yangu Ravi alikuwa ndiyo anaanza kuota ndevu, na kule wakati ule kijana wa kuota ndevu alitafutwa na pande zote, wanajeshi wamuue na wapiganaji wamchukue. Amma akamwendea mtu mmoja wa mji wetu aliyeitwa Nathan. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwenda Ulaya kuomba hifadhi. Amma alimpa dhahabu yake yote ya arusi. Nathan akatuleta mpaka Dar, akatuweka gesti Kariakoo, akasema hapa ni pa kupita tu. Baada ya muda akasema hati zilizo tayari ni za mtu mmoja, na anayepaswa kuondoka kwanza ni yule aliye hatarini zaidi. Akaondoka na Ravi asubuhi moja, pasi ya kusafiria ya Amma ikiwa mfukoni mwake, akiahidi kurudi kutuchukua kabla ya mvua kuisha.

Mvua ziliisha. Gesti wakatutoa. Tukaenda kukaa kwenye baraza la mtu tusiyemjua, Amma juu ya begi na mimi mapajani mwake, mpaka mwenye nyumba akatoka na ufagio mkononi. Bi Mwanahawa mwenyewe alikuwa akisema kwamba alitoka kutufukuza. Alifagia upande huu wetu, akafagia upande ule, akaishia kutuuliza kama tumekunywa chai.

Mama wa Kiswahili huitwa kwa jina la mtoto, na wengi walitaka kumwita Amma kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana. Alikataa. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba yeye ni Mama Ravi. Basi mtaa mzima ukawa unamwita kwa jina la kijana ambaye hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia machoni. Walimwita hivyo wauza ndizi, na walimwita hivyo wateja wa bajia za dengu alizokuwa akizikaanga kila asubuhi barazani. Nilikuwa naona fahari. Nilijua akija Ravi hatahitaji kutambulishwa.

Na nilijua kabisa kwamba anakuja. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya foleni, mliokuwepo mnakumbuka: sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni, mtu anaacha jiwe kwenye mstari limshikie nafasi yake, anakwenda kuchota maji, anarudi. Mlango wa duka ulifunguliwa kidogo, akaingizwa mmoja, sisi wengine tukabaki nje. Aliyeingia alitokea mlango wa nyuma na kifurushi chake. Sasa mimi nilipoambiwa kwamba Ravi ameingia Ulaya na zamu yetu bado, sikuona la ajabu. Niliona Ulaya ni duka kama yale, ila kubwa, na Ravi kaitwa kwanza, na mlango wa nyuma lazima uwepo. Nilizunguka nyuma ya maduka yote ya mtaa wetu kumtafuta. Nilifukuzwa mara nyingi na watu waliodhani nakuja kuiba.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa, nguo za mitumba zikamwagika soko la Mchikichini kama takataka, watu wakawa wanapita Kariakoo na redio kaseti begani ili mradi waonekane. Foleni zikafa. Nilifurahi kuliko watoto wote wa mtaa, maana nilipiga hesabu yangu ya kitoto: kama hakuna foleni, basi zamu yetu imefika. Nilimuuliza Amma kama sasa tunaweza kuingia. Alikuwa anaosha dengu. Aliendelea kuziosha muda mrefu, hata maji yalipokwisha kutakata.

Katika maduka yale mapya lilikuwepo moja la vyombo vya umeme, barabara kubwa, karibu na kona. Televisheni iliwekwa dirishani ikiangalia nje, na watu walijaa njiani kuitazama hata kama inaonyesha chenga tupu. Mwenye duka alijulikana kwa jina la Bwana Prakash. Alisema yeye ni Mgujarati, amezaliwa Nairobi, amekuja kutafuta riziki kama wengine. Alikuwa na kitambi, miwani ya fremu ya dhahabu, na mtoto wa kiume wa umri wangu, huyohuyo aliyekuja kunipigia simu, aliyekuwa akila askrimu kila nilipomwona.

Amma alikwenda pale kumpelekea bajia mteja wake, fundi redio. Alirudi mbio, sinia bado imejaa, akaketi juu ya kitanda na kujifunika uso kwa mikono. Nilidhani ameibiwa. Aliponiambia, aliniambia kwa Kitamil na kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta ungekwenda kusema: Nathan yuko hapa.

Alirudi dukani kesho yake peke yake. Akamwuliza kwa Kitamil mwanawe yuko wapi. Bwana Prakash akamtazama kwa huruma, akamjibu kwa Kiswahili, mbele ya wateja, kwamba mama amemfananisha, na kwamba lugha hiyo haijui. Akamwita kijana wake wa dukani amsaidie mama kuvuka barabara.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kama angekuwa mtu wa kabila jingine pengine ningeweza leo kuwaambia mambo ya kusameheana. Lakini huyu alikula nyumbani kwetu. Mama yake alimfundisha Amma kusuka nywele. Aliyatumia macho yaleyale yaliyotuona tukizaliwa kututazama kama watu wa kupita njia.

Amma alivaa nguo yake safi akaenda Upanga, kwa wazee wa jumuiya moja ya Wahindu, akiamini kwamba watu wanaosujudia miungu ileile watasikilizana. Nilikwenda naye. Walitukalisha kwenye viti vizuri chini ya feni. Waliposikia jina la Bwana Prakash walitazamana, na mmoja akainua macho kidogo kwenye zile feni, na hata mimi mtoto nikaelewa nani amezinunua. Walisema ni mtu wa heshima. Walisema wao kwa bahati mbaya hawamjui Amma, wala watu wake, wala hawana anayeielewa lugha yake. Walimshauri aende polisi. Mtu asiye na pasi wala kibali wanamwambia aende polisi. Wakati tunatoka walinipa mfuko wa mchele, na Amma akauacha kwenye ngazi. Wale nao sijawasahau. Kila nikipita mtaa ule naitazama ile ngazi.

Jioni ile ndipo Amma alipomsimulia Bi Mwanahawa yote. Walikuwa uani, Amma akichambua dengu, Bi Mwanahawa juu ya kigoda chake. Alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. Mwisho akatema tambuu pembeni na kusema kwamba kwao mtu akidhulumiwa husoma Albadiri. Yupo shehe Magomeni, mtu mwaminifu, anasoma ile dua na mwizi mwenyewe hujileta, na asipojileta humpata yatakayompata. Lakini haisomwi kwa mzaha. Ukimsomea mtu asiye na kosa, inakurudi wewe na kizazi chako.

Amma akasema, kwa Kiswahili chake cha kuunga, kwamba hata wao wanayo ya namna hiyo. Mwanamke akionewa na hana wa kumsemea, huchota udongo kwa mikono miwili, akaenda kusimama mlangoni kwa mbaya wake, akamrushia, akimwombea yeye na nyumba yake wawe udongo kama ule. Haijalishi mwanamke huyo ni maskini kiasi gani. Kule kwao hata tajiri akiona mwanamke anainama kuchota udongo mbele ya nyumba yake, humkimbilia na kumshika miguu. Na masharti ni yaleyale. Ukimrushia asiyehusika, udongo unarudi kwa watoto wako.

Akanitazama. Nilikuwa ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye pale, na nikaona hofu yake waziwazi. Ravi anaweza kuwa hai mahali fulani, na mtu wa kumwambia aliko yuko mitaa michache tu kutoka hapo. Lakini kama macho yake yamemdanganya, kama yule kweli ni Mgujarati wa Nairobi, atakuwa amenipoteza na mimi.

Bi Mwanahawa alimuuliza jambo moja tu.

"Mwenzangu, unamjua au humjui?"

"Namjua," Amma akasema.

"Basi chota."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Udongo wa kwetu ni mwekundu na unamjua Amma. Huu wa uani ulikuwa mchanga wa kijivu wa Kariakoo, wenye majivu na maganda ya vitunguu, na maisha yake yote haujasikia neno la Kitamil. Utaelewaje unachoambiwa? Nilimuuliza Bi Mwanahawa. Hakunicheka.

"Hapa uani vimezikwa vitovu vya wanangu wote," akaniambia. "Udongo huu unajua mtoto ni nini."

Sikuridhika. Kujua mtoto ni nini ni jambo moja, na kujua Kitamil ni jingine. Kwa hiyo asubuhi yake, Amma alipokwisha kumwagia maji uani ili vumbi litulie, akachota na kufunga kwenye pindo la sari yake, mimi nami nilichota konzi yangu nikaifumbata. Nilifikiri kama wake hautaelewa, angalau awepo mtu wa kuusemesha Kiswahili.

Sari ile ilikuwa ya buluu, moja tu aliyobaki nayo, iliyokuwa ikilala begini siku zote. Kwa kawaida alivaa magauni ya Mchikichini na khanga. Watu waligeuka kumtazama tangu tunatoka. Bi Mwanahawa alitangulia kwa buibui na mwavuli, akijibu salamu za kila mtu kama anayekwenda harusini.

Duka lilikuwa limejaa. Nje kulikuwa na kundi la kawaida mbele ya televisheni, wapagazi wamepumzika juu ya mikokoteni yao, mama muuza ndizi na beseni lake. Mtoto wa Bwana Prakash alikuwa amekaa juu ya boksi mlangoni. Baba yake alipomwona Amma alivuta pumzi kama mtu aliyechoshwa, akaanza kusema kwa Kiswahili kwamba mama, nilishakwambia.

Amma hakumjibu. Alifungua pindo, akatia mikono yote miwili, akainua.

Hakuna aliyeshtuka. Mpagazi mmoja akauliza mama anauza ubuyu au nini. Muuza ndizi akanyoosha shingo aone. Lakini Bwana Prakash aliruka meza. Sijapata kuona mtu mwenye kitambi akiruka vile. Aliangukia magoti mlangoni, akamvuta mwanawe na kumfunika kichwa kwa shati lake mwenyewe, akampigia Amma kelele kwa Kitamil, Kitamil cha mji wetu hasa: usirushe, dada, usirushe, mtoto yupo.

Mwenye duka la vitambaa la jirani, Mgujarati kwelikweli, alitoka mlangoni, akasikiliza, akasema taratibu kwamba hicho alichokisema huyu bwana si Kigujarati.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema Bi Mwanahawa, "kwa binadamu mchungu."

Aliitwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Kondo, fundi cherehani aliyekuwa na baraza lake hatua chache kutoka pale. Alikuja na kofia yake, futi ikiwa bado inaning'inia shingoni. Bwana Prakash alisimama, akajipangusa magoti, akaanza tena kwa Kiswahili. Akasema anafanyiwa uchawi na mwanamke asiye na vibali, na anataka polisi waitwe.

"Polisi niwaambie nini?" akauliza Mzee Kondo. "Mama kashika mchanga?"

Watu wakacheka. Mzee Kondo hakucheka. Alimgeukia yule bwana.

"Watu wote hapa wameona mama kashika mchanga," akasema. "Hakuna aliyekimbia. Umekimbia wewe peke yako. Tueleze umeona nini ambacho sisi hatukukiona."

Amma alikuwa bado amesimama vilevile, mikono juu, udongo ukimchuruzika kidogo kidogo kwenye viwiko. Alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Sema mtoto wangu yuko wapi. Ukisema, naweka chini." Mzee Kondo akasema sote ni mashahidi.

Bwana Prakash akasema. Nayasimulia kwa ufupi maana sipendi kumpa nafasi kubwa. Alimpeleka Ravi pamoja na wengine kwa ndege hadi nchi ya baridi, halafu kwa lori, halafu kwa miguu, wavuke mpaka kupitia msituni. Theluji ilikuwa imeanguka. Ravi alikuwa na viatu vya huku, vya turubai, na homa ilimpata njiani. Ilifika mahali hawezi tena kutembea. Walio nyuma walikuwa wanalalamika kwamba watakamatwa wote. Wakamkalisha chini ya mti, wakamwambia watarudi kumchukua.

Nilikuwa nasikiliza nikingoja mlango wa nyuma. Haki ya Mungu, hadi alipofika kwenye ule mti bado nilikuwa nangoja aseme Ravi akatokea upande wa pili.

"Alikuwa hai?" Amma akauliza.

Bwana Prakash akatazama chini. "Alikuwa bado anaongea."

"Alisema nini?"

Muuza ndizi alikuwa ameshika mdomo.

"Alisema nikwambie usipite njia ile."

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu mnielewe, ninyi mnaonishauri nisamehe kwa ajili ya afya yangu. Kumwacha kijana msituni, labda mtu anaweza kusema hofu, baridi, giza, akili ilimtoka. Lakini alipewa ujumbe. Kijana anayekufa alimpa neno moja la kumpelekea mama yake, na mama yake alikuwa mitaa michache kutoka duka lake, anakaanga bajia. Alikaa na lile neno msimu baada ya msimu, akiuza pasi za umeme na feni, akila bila shaka na bajia zetu pia. Alipoulizwa uso kwa uso akamwita kijana amvushe barabara. Angenyamaza hadi kufa kama asingeona udongo. Huo si woga. Alijua anachokifanya kila asubuhi alipofungua duka.

Amma aliishusha mikono. Aliahidi, na alikuwa mtu wa ahadi. Aliinama, akaumimina udongo wote chini mbele ya miguu yake mwenyewe, taratibu, bila kumrushia hata chembe, akajipangusa viganja kwenye sari. Hakulia pale. Alilia baadaye, kwa miaka.

Mzee Kondo akasema basi, ahadi imetimizwa pande zote mbili, na hakimu wa mwisho ni Mungu. Watu wakaanza kusema pole. Bwana Prakash akatoa leso akajifuta uso na shingo, na nikaona rangi ikimrudia. Nikaona hata mabega yakimshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia kijana wake alete kreti ya soda, watu wanywe, mchana ni wa joto. Na watu walipokea. Siwalaumu, soda ilikuwa soda. Chupa zikaanza kufunguliwa pale pale ambapo kaka yangu alikuwa amekufa muda mfupi uliopita, maana kwangu mimi alikufa pale, mlangoni mwa lile duka.

Bwana Prakash akaja na chupa moja kwangu. Akainama ili uso wake ulingane na wangu, akatabasamu, akaniambia kwa Kitamil chetu, lugha ambayo juzi tu alikuwa haijui: chukua, mtoto.

Mimi sikuwa nimemwahidi mtu. Nilifumbua mkono nikamrushia udongo wangu wote usoni. Uliingia machoni, ukaingia kinywani kwenye lile tabasamu, ukabaki kwenye miwani yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ili udongo uelewe: "Na wewe uachwe. Uachwe ukiwa hai."

Chupa ikaanguka. Mtoto wake akaanza kulia. Watu waliokuwa wanakunywa waliacha, wengine wakaziweka soda chini kama zimeoza. Mzee Kondo akageuka akaniangalia. Alikuwa ananijua vizuri, alinishonea sare ya shule, lakini aliuliza kama balozi anavyouliza mtoto anapotenda kosa na lazima apatikane mtu wa kujibu kwa ajili yake.

"Huyu mtoto wa nani?"

Amma alifungua mdomo. Nilijua anaogopa, kwa sababu akijitaja ataulizwa vibali. Bi Mwanahawa alifunga mwavuli wake, akanivuta mbele yake, akaniwekea mkono begani mbele ya wote.

"Wa kwangu," akasema. Kisha akamgeukia Bwana Prakash, aliyekuwa akipikicha macho. "Na kama udongo huu haukukutosha, uani kwangu umebaki mwingine."